Sayansi ya meno ianze kwenye maji tunayokunywa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowafunza madaktari wa meno humu nchini, hasa ile miaka 2 ya mwanzo wanaposomea sayansi za msingi: anatomia, fisiolojia, biokemia na nyinginezo. Mimi ni daktari wa meno hapa Nakuru. Nilizaliwa Njoro, nikalelewa kwa maji ya kisima, na meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia ambayo wasomaji wa pande hizi wanayajua bila kuelezwa. Nitayarudia madoa hayo.

Kwanza nimtaje mzee mmoja wa Molo, mkulima wa viazi. Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza kazini. Alifika asubuhi na mapema, shavu la kulia limevimba, amejifunga leso ya mkewe kuanzia kidevuni hadi utosini. Gego la chini lilikuwa limeoza mpaka kwenye kiini, na usaha umejaa. Nilimdunga sindano ya ganzi pembeni mwa jino, palepale penye uvimbe, nikasubiri dakika 10, kisha nikaligusa jino kwa koleo. Mzee akanishika mkono.

"Daktari, hii dawa yako ni maji?"

Nikamwomba radhi, nikamdunga tena mahali palepale. Nikasubiri, nikajaribu. Mara hii hakusema kitu. Machozi yalimtiririka tu, mtu mwenye wajukuu, huku vidole vyake vimekaza kwenye mkono wa kiti. Nilimwachia, nikamwandikia dawa za kuua viini, nikamwambia arudi baada ya siku chache.

Jioni hiyo, nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani, ndipo nilipokumbuka. Katika mtihani wa biokemia chuoni nilikuwa miongoni mwa waliopata alama za juu. Fomula ya Henderson na Hasselbalch, ile ya asidi na besi, niliijua kama jina la mama yangu. Na jibu la mzee wa Molo lilikuwa ndani ya fomula hiyo. Dawa ya ganzi, lignokeini tunayoitumia kila siku, inapoingia mwilini huwa na sura mbili: moja ina chaji ya umeme, nyingine haina. Isiyo na chaji ndiyo inayopenya utando wa neva na kuingia ndani. Katika nyama isiyo na ugonjwa, yenye pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) ya 7.4, karibu robo ya dawa huwa katika sura hiyo inayopenya. Lakini penye usaha pana asidi. pH ikishuka hadi 6, kinachosalia cha kupenya ni kama asilimia 1 tu. Sindano yangu ya pili mahali palepale ilikuwa ni kuteka maji kwa pakacha. Nilipaswa kuifuata neva mbali na uvimbe, kule nyuma inakoingilia kwenye taya, ama niutoe usaha kwanza.

Nilikuwa nayajua hayo yote. Yalikaa kwenye kona moja ya kichwa, na mgonjwa akakaa kwenye kona nyingine, na hakuna siku hata moja katika masomo yangu ambapo viwili hivyo vilikutanishwa. Mzee aliumia kwa sababu hiyo. Ni miaka mingi sasa lakini sauti yake ningali naisikia.

Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kazi siku hizi wanatoka vyuo mbalimbali, na wengi wanasimulia masomo kama yale yangu. Mhadhiri anasimama mbele, slaidi zinapita, wanafunzi wanapiga picha kwa simu. Mtihani ukikaribia wanatafuta karatasi za miaka iliyopita, wanakariri hatua za mzunguko wa Krebs, ule wa seli kupata nishati, wanazimwaga kwenye karatasi, na muhula ukiisha zimeyeyuka. Ukifika mwaka wa 3, wanapoanza kuwaona wagonjwa, mwalimu wa kliniki anauliza swali la fisiolojia na darasa zima linatazama sakafu. Siwalaumu vijana. Ukimpa mtu matofali kwa miaka 2 bila kumwonyesha ukuta, atayaweka chini aendelee na safari.

Kuna njia nyingine, na nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Mwaka juzi rafiki yangu anayefundisha sayansi za msingi katika chuo kimoja alipewa ruhusa ya kuendesha sehemu ya somo lake kwa mradi. Aliniletea wanafunzi 6 wa mwaka wa 2, wakae Nakuru wiki 6. Hakuwapa orodha ya mada. Aliwapa swali moja: kwa nini watu wengi wa Nakuru wana meno ya kahawia, na jamaa zao waliokulia Kisumu hawana? Mwishoni mwa wiki 6 walitakiwa walete vitu viwili: maelezo ya kisayansi watakayoyatetea mbele ya walimu, na kitu ambacho mama mwenye mtoto mchanga angeweza kukitumia nyumbani.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Vijana waliniuliza kila siku: "Daktari, noti tutapata wapi?" Mmoja, binti wa Kisumu, alikuwa na wasiwasi zaidi ya wote kwa sababu alikuwa mwanafunzi bora wa kukariri, na hapa hapakuwa na cha kukariri. Nilimwambia aanze na maji.

Wakakusanya maji. Bomba la mjini, visima vya Njoro na Mbaruk, matangi ya mvua, ndoo za wauza maji. Binti yule alipoenda nyumbani wikendi alirudi na maji ya Ziwa Victoria na ya bomba la kwao. Siku ya kwanza walikuja na chupa za kioo walizoziosha vizuri kabisa, na fundi wa maabara akazikataa. Walipotaka kujua sababu akawaambia wakatafute. Wakagundua kwamba floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi utotoni huleta madoa hayo ya meno, huweza kuingiliana na kioo, ndiyo maana sampuli zake huwekwa kwenye plastiki. Hilo hakuna hata mmoja wao atakayelisahau, kwa maana iliwabidi warudi Mbaruk kwa matatu nyingine, kwa nauli yao wenyewe.

Maabara moja ya maji mjini ilikubali kuwapimia kwa elektrodi ya floraidi, na kijana mmoja wa Bungoma akaruhusiwa kushika chombo mwenyewe. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua yalikuwa chini kabisa, ya Ziwa Victoria yalikuwa chini, na visima kadhaa vya kwetu vilipita kiwango hicho. Sababu iko chini ya miguu yetu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi, na maji yanapopita humo yanaiyeyusha. Na kwa kuwa maji yetu yana magadi mengi na kalisiamu kidogo, hakuna cha kuishika hiyo floraidi ikabaki chini. Wanafunzi wa meno wakajikuta wanasoma jiolojia, na wanaisoma kwa hamu.

Sasa niingie kwenye siku ninayotaka wasomaji waione.

Tulienda Mbaruk kwa familia moja tuliyokaribishwa na shosho wa nyumba. Palikuwa na mjukuu wake, mvulana wa miaka 14, na dada yake wa miaka 8. Mama yao alikubali tuwaangalie meno. Tulimketisha mvulana nje kwenye kiti cha plastiki, uso ukielekea jua, na kijana wa Bungoma akashika kioo cha meno. Meno ya mbele yalikuwa meupe. Magego ya kwanza, yale yanayoota mtoto akiwa na miaka 6, pia safi. Lakini magego ya pili, yaliyo nyuma yake, yalikuwa ya kahawia, yana vishimo kama mtama uliodonolewa na ndege. Jino la chonge ndilo lililomnyamazisha kijana: ncha nyeupe, sehemu iliyo karibu na ufizi ya kahawia, na mpaka kati yake unaonekana kama umepigwa mstari. Dada yake, yeye meno yake yote yaliyokwisha kuota upya yalikuwa na madoa, hata ya mbele.

Kijana aliinua kichwa, akahesabu kwa vidole, akamgeukia mama.

"Mama, huyu alikuja Nakuru akiwa na miaka 5?"

Mama akashtuka. "Nani amekuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Baba yao alikuwa na kibanda cha jua kali Kisumu, na familia ilihamia Mbaruk mvulana alipotimiza miaka 5. Dada alizaliwa huku. Kijana aliisoma safari ya familia nzima kwenye mdomo wa mtoto, kwa sababu wiki hiyohiyo walikuwa wameijadili ratiba ya uundaji wa meno: taji za meno ya mbele hukamilika kati ya miaka 4 na 5, za magego ya kwanza mapema zaidi, kufikia miaka 3 hivi, chonge huchelewa hadi miaka 6 au 7, na magego ya pili hadi 7 au 8. Jino hujengwa kuanzia ncha kuelekea shingoni. Kilichokamilika Kisumu kilibaki cheupe, na kilichojengwa Mbaruk kilinywa maji ya Mbaruk.

Ratiba ile ipo katika kila kitabu cha meno. Mimi niliikariri usiku mmoja kabla ya mtihani, na asubuhi ya siku iliyofuata nisingeweza kukwambia inafaa nini. Wale 6 hawahitaji kuikariri tena. Usiku ule, bila kutumwa na mtu, walifungua kitabu cha histolojia, elimu ya tishu za mwili, kutafuta seli zinazotengeneza enameli (gamba gumu la nje la jino), ziitwazo ameloblasti, wakataka kujua floraidi inazifanyaje. Wakasoma kwamba seli hizo zikimaliza kazi yake hutoweka, na kwamba ndiyo sababu mtu mzima anayehamia Nakuru hapati madoa hata akinywa maji ya kisima hadi uzeeni, wala mtoto aliyekwisha kuyapata hawezi kuyaondoa kwa mswaki. Binti wa Kisumu alinipigia simu saa nne usiku kunieleza hilo kama mtu aliyeokota dhahabu. Nilimsikiliza hadi mwisho.

Walijifunza pia kwamba swali lao si jipya. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs kule Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia na hakuna ajuaye kwa nini. Ilichukua miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji mwingine wenye shida hiyohiyo akakuta floraidi nyingi. McKay alikuwa ameona pia kwamba meno yale yenye madoa hayaozi kwa urahisi, na hapo ndipo ulipozaliwa utafiti uliotuletea floraidi katika dawa ya meno. Kwa vijana wangu hilo lilikuwa na uzito: daktari wa kawaida, katika mji wa kawaida, aliuliza swali kuhusu majirani zake na hakuliachilia.

Kitu cha kutumia nyumbani kiliwasumbua zaidi. Wazo la kwanza la karibu kila mtu ni kuchemsha maji. Walipopima maji yaliyochemshwa kwa muda mrefu wakakuta floraidi imepanda, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki sufuriani. Wakageukia mkaa wa mifupa. Si uvumbuzi wao. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya aina hiyo kwa miaka mingi. Lakini nilitaka wautengeneze kwa mikono yao, kidogo tu, wajue kinachotokea.

Mifupa ya ng'ombe tuliipata buchani bila malipo. Wakaichoma ndani ya pipa nyuma ya nyumba yangu. Mara ya kwanza hawakuichoma vya kutosha: maji yaliyopita humo yalitoka na rangi ya chai nyepesi, yananuka, na hakuna aliyethubutu kuyaonja. Mara ya pili wakaacha hewa nyingi iingie na moto ukawa mkali kupita kiasi, mifupa ikawa myeupe kama chokaa, maji yakatoka safi lakini floraidi haikupungua sana. Mara ya tatu wakaziba pipa kwa udongo, wakaacha hewa kidogo, wakautuliza moto. Mifupa ikatoka myeusi yenye kijivu, wakaisaga, wakaiosha, wakaijaza kwenye ndoo yenye bomba. Maji ya kisima yaliyokuwa juu ya kiwango yakatoka yakiwa chini yake.

Wakauliza kwa nini mfupa. Jibu ndilo lililonifanya niandike barua hii. Madini ya mfupa ni haidroksiapatiti, kalisiamu na fosfeti zilizofungamana, na ndiyo madini hayohayo yanayofanya takribani asilimia 96 ya uzito wa enameli ya jino. Floraidi huipenda haidroksiapatiti. Huingia na kukaa mahali pa haidroksili, sehemu moja ya madini hayo. Ndoo ile inafanya kwa makusudi kile ambacho jino la mtoto hufanya bila kujua. Na palepale wakaelewa kwa nini floraidi kidogo kwenye dawa ya meno inaliimarisha jino: madini yenye floraidi hustahimili asidi zaidi kuliko yale ya kawaida, ambayo huanza kuyeyuka pH ya mdomo inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Kemia, histolojia, fisiolojia ya mate, afya ya jamii, vyote viliingia katika ndoo moja. Hakuna mhadhara niliowahi kuusikia uliofanya hivyo.

Siku ya mwisho waliwaeleza akina mama waliokuja kliniki ya watoto. Kwa Kiswahili, bila slaidi. Kuchemsha kunaua viini, hakuondoi floraidi. Mwenye tangi la mvua awawekee watoto walio chini ya miaka 8 maji hayo ya kunywa na kupikia. Magadi ya kulainishia maharagwe na mboga yana floraidi yake, yapunguzwe kwenye chakula cha watoto. Chai ya rangi nzito vilevile. Mama mmoja akasimama akauliza kama basi amnunulie mtoto dawa ya meno isiyo na floraidi. Lilikuwa swali gumu, na niliogopa. Yule binti wa Kisumu alilijibu taratibu: dawa ibaki, lakini kiasi kiwe punje ya mchele kwa mtoto ambaye hajafika miaka 3, na punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6, mzazi asimame pale ahakikishe mtoto anatema. Kisha akaeleza sababu. Sikuongeza neno.

Nisifiche upungufu. Wiki 6 zilikwisha na kuna mada hazikuguswa, hasa uundaji wa uso wa mtoto tumboni. Ilibidi rafiki yangu awafundishe kwa njia ya kawaida waliporudi. Mwanafunzi mmoja kati ya 6 aliwaachia wenzake kazi nzito hadi walipomketisha chini wakazungumza naye, na kama mhadhiri hayuko karibu jambo hilo huharibu mradi mzima. Tena kuna mambo ambayo ni lazima yakae kichwani kwa kukaririwa na kurudiwa mbele ya maiti katika chumba cha anatomia: njia za neva za uso, mishipa ya damu, misuli ya kutafuna. Daktari hafungui kitabu sindano ikiwa mkononi. Ninachoomba ni kwamba kila somo la msingi liwe na angalau mradi mmoja wa kweli, wenye swali la kweli, ndani ya ile miaka 2.

Wapo watakaosema haya ni mageni. William Heard Kilpatrick, mwalimu wa Marekani, aliandika kuhusu njia ya miradi mwaka 1918. Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada kilianza kuwafunza madaktari kwa kuwakabidhi matatizo ya wagonjwa mwaka 1969. Na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wa udaktari kwa jamii kama sehemu ya masomo tangu miaka ya 1990. Ila tatizo la mgonjwa linaloandikwa kwenye karatasi huishia kwenye mjadala. Mradi unaacha kitu: ndoo iliyochuja maji, au mama aliyekwenda nyumbani na jibu.

Wengine watataja gharama. Chupa za plastiki, nauli, kuni, pipa kuukuu, mifupa ya bure. Kilicho ghali ni vipimo, na hapo ndipo serikali za kaunti na kampuni za maji zinaweza kutusaidia pakubwa bila kutoa pesa nyingi: zifungue maabara zao kwa wanafunzi mara moja kwa wiki. Wanafunzi nao wawaachie matokeo. Kaunti ngapi zingekataa kupimiwa visima vyake?

Kizuizi kikubwa zaidi ninavyoona ni alama. Wale 6 walifanya mtihani uleule na wenzao waliobaki darasani, na mradi haukuhesabiwa chochote. Binti wa Kisumu aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama alikosea kutumia nguvu zake zote kwenye jambo lisilo na alama. Sikuwa na jibu la kumpa. Vyuo vinapaswa kulijibu hilo. Mradi upewe sehemu inayoeleweka ya alama za somo, mwanafunzi aulizwe maswali ana kwa ana kuhusu kazi yake, na mhadhiri anayesimamia miradi ahesabiwe saa hizo kama saa za kufundisha. Rafiki yangu alifanya yote kwa muda wake wa mapumziko, na si haki.

Na tusisubiri sana. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi, CBC, wameingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kama mambo yataenda kama yalivyopangwa, mwaka 2029 watabisha hodi vyuo vikuu. Hao wamekua wakifanya miradi tangu Gredi za chini. Wazazi tumeshinda usiku tukiwatafutia makopo, gundi na mbegu. Watafika katika vyuo vya udaktari wa meno na mikono yao imezoea kuuliza kwa kutenda, na tukiwakalisha mbele ya slaidi miaka 2 tutakuwa tumewanyang'anya kile tulichokigharamia.

Kwa mhadhiri yeyote wa sayansi za msingi anayesoma haya, awe Nairobi, Eldoret au kwingineko: kliniki yangu iko wazi kwa wanafunzi 6 wengine mwezi Agosti. Shosho wa Mbaruk ameshasema watakaribishwa. Chupa 40 za plastiki zimeoshwa na kuwekwa vibandiko. Na swali la pili nimeliandaa, hili halihitaji kisima: kwa nini ganzi hukataa kwenye jino lenye usaha, na daktari afanye nini? Ningependa walijibu kabla mzee mwingine hajakaa kwenye kiti chao.

Daktari wa meno,
Nakuru